Kabichi za Mwatumu

Swaumu alikuja na ungo wa maharage ya kuchambua, akaketi kibarazani kwa Rabia bila kungoja kukaribishwa, na kabla hajatoa jiwe la kwanza akasema kwamba Mwatumu wa bondeni humwagilia kabichi zake maji ya choo. Kuna mtu aliyemwona alfajiri, alieleza, akishuka na ndoo iliyofunikwa jani la mgomba, tena akitazama huku na huku. Mtu huyo ni nani, Swaumu hakutaka kumtaja.

"Mimi nimesikia tu," alisema. "Lakini jiulize mwenyewe, mama Saady, kabichi gani inakuwa kubwa kama kichwa cha ndama hivihivi? Na sasa mtoto wa watu yuko kaburini."

Mtoto mwenyewe alikuwa Zuhra, mjukuu wa huyohuyo Mwatumu, na alikuwa na wiki tatu kaburini.

Rabia alikuwa ananyonyesha. Alimhamishia mwanawe Saady kwenye titi la pili, akasema kwamba yeye ameshawahi kwenda bondeni na hakuona maji ya choo. Swaumu alichambua maharage yake mpaka yakaisha, akaondoka kwenda kibaraza kingine. Kufika jioni mtaa mzima wa Kibondo ile ya chini ulikuwa unasema choo, choo, na Rabia ndani ya nyumba yake anajiuliza kwa nini hakusema anachokijua. Alijua ndoo ile ina nini. Alijua pia kwamba akisema, hakuna atakayeona tofauti.

Mwatumu alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na kitu, mfupi, mwenye mwendo wa haraka kama mtu anayefukuzwa na mvua. Mumewe alikuwa fundi wa kuchoma matofali. Alipokufa alimwachia chumba na sebule, binti mmoja aitwaye Zena, na jembe. Mwatumu akakodi vijaruba vinane bondeni, penye mfereji usiokauka hata Agosti, akaanza kulima mchicha wa lengalenga, nyanya chungu na kabichi. Kila asubuhi alipanda kilima na tenga kichwani, akipita nyumba kwa nyumba, na salamu yake ya "Mwakeye" ilitangulia kufika kabla yake. Mafungu aliyafunga kwa uzi wa mgomba. Kwa mwanamke anayenyonyesha aliongeza fungu moja juu, akisema hilo si lako, ni la maziwa.

Rabia aliletwa Kibondo kama bibi harusi mwaka 2012, kutoka Kasulu, kuolewa na Tamimu mwenye duka la vitenge. Alikuwa na elimu ya darasa la saba na aibu nyingi. Nyumba ile ilikuwa ya watu wa biashara, wenye ndugu Tanga, wanaopika kwa nazi na kuongea Kiswahili cha mkato, na yeye alikuwa akifungua mdomo, Kiha kinatoka kwanza. Mtu wa kwanza kuketi naye jikoni na kumtwangia isombe ya majani ya muhogo akicheka alikuwa Mwatumu. Mimba ya kwanza ilipoharibika, aliyemkanda tumbo alikuwa Mwatumu. Kwa hiyo Rabia hakumwita Mama Zena kama wengine. Alimwita mama.

Mwaka huohuo wa 2012 bwana shamba, kijana mmoja aitwaye Venanti, aliwakusanya wakulima wa bondeni akawafundisha kutengeneza mbolea ya maji. Rabia hakuwepo, lakini Mwatumu alimsimulia mara nyingi mpaka akayajua masomo yale kama aliyasoma yeye. Mapipa mawili. Pipa la kwanza ni la udongo: samadi iliyorundikwa miezi na kugeuzwa mpaka ikapoa, inalowekwa, na maji yake yanamwagwa chini kwenye shina, na wiki kadhaa kabla ya kuvuna unaacha. Pipa la pili ni la majani: majivu, pilipili na majani ya utupa, na hilo ndilo linalonyunyizwa juu kufukuza wadudu. Mwatumu hakujua kusoma, ila alikuwa na kichwa kinachoshika. Alinunua mapipa mawili ya bluu, akayapanga ukingoni mwa shamba, na msimu wa kwanza alifanya kama alivyoambiwa.

Kisha Zena akaolewa Makere, mwendo wa siku nzima kwa gari ukihesabu na kungoja. Zuhra alikuwa mtoto wa kabla ya ndoa hiyo, wa miaka miwili, akabaki kwa bibi yake kama ilivyo desturi. Binti hawezi kwenda kwa mume mikono mitupu, na Mwatumu hakuwa na kitanda cha kumpa. Akampa pipa moja.

Lililobaki likabeba kazi zote mbili. Mwatumu aliona kwamba samadi, majivu, pilipili na utupa vyote ni dawa ya mboga, na dawa hazigombani. Samadi yenyewe aliichota zizini kwa jirani mapema, ingali moto, kwa sababu kwake samadi iliyokaa ni kama chai iliyolala, imeshapoteza nguvu. Akafunga kichala cha matawi, akachovya, akanyunyiza juu ya majani, mstari kwa mstari, kama padri anavyonyunyiza maji ya baraka Jumapili. Wadudu wakahama. Kabichi zikavimba. Venanti alipopita kwa mbali na pikipiki yake alipiga honi na kumwonyesha kidole gumba.

Na kwa misimu miwili hakuna aliyeumwa hata tumbo. Sisi watu wa huku mboga tunaichemsha mpaka inyamaze. Lengalenga inachemka, isombe inachemka nusu ya siku, kabichi inaingia na maharage na inatoka haijulikani. Hata hao wadudu wa kwenye samadi, wale ambao baadaye daktari aliwaita bakteria, kama waliingia sufuriani, hawakutoka.

Agosti 2014, baada ya Idd, Rabia na Tamimu walifanya akika ya Saady, mtoto wao aliyesimama baada ya mimba mbili kuharibika. Mama mkwe alifika kutoka Tanga na viungo kwenye mikoba, akashika jiko lote. Pilau, akasema, haiendi mbele ya wageni bila kachumbari. Mwatumu akaleta kabichi sita kama zawadi, amezisuuza mferejini zikang'aa, akazipanga mlangoni na mama mkwe akazisifu kwa sauti. Rabia ndiye aliyepewa kazi ya kuziosha na kuzikata. Aliziosha mara moja, kwenye beseni moja. Alipomaliza aliona maji yamekuwa kama chai. Alitaka kubadilisha, lakini maji ya kisimani yalikuwa mbali, wageni wameshaanza kuvua viatu, na mama mkwe anauliza kabichi iko wapi. Akaikata nyembamba kama alivyofundishwa, ikachanganywa na nyanya, vitunguu na pilipili, ikakamuliwa ndimu.

Wanawake walikaa kwenye majamvi, sinia moja watu sita. Mwatumu alikuwa na Zuhra ubavuni, amevishwa gauni la njano lililomzidi. Walipomwona Mwatumu anaisogeza kachumbari pembeni walimtania, wakasema ndiyo hivyo, mpishi hali chakula chake. Naye akawajibu kwamba mambo ya watu wa pwani anayaheshimu, ila kwao majani mabichi ni ya mbuzi. Wakacheka sana. Rabia alikuwa anapita na birika la kunawisha. Aliona mkono wa Mwatumu ukiikusanya ile kachumbari yake yote, vidole vitatu vitatu, ukiipeleka upande wa Zuhra. Mtoto alipenda ule uchachu wa ndimu. Alikuwa anafumba macho kila tonge na kufungua tena mdomo.

Siku ya tatu watu wakaanza kuharisha. Rabia mwenyewe alisokotwa na tumbo siku mbili. Kwa jumla walikuwa kumi na wanne, wengine wanaharisha damu, na wote wakubwa walipona nyumbani kwa maji ya chumvi na sukari au hospitalini kwa dripu. Zuhra naye aliharisha damu, kisha ikakoma. Siku ya saba aliomba uji, Mwatumu akatangaza mtaani kwamba mjukuu wake amepona. Siku ya nane uso wake ukavimba na mkojo hautoki.

Daktari aliyempokea aliitwa Raymond, mtu wa Mbeya aliyehamishiwa huku mwaka uliotangulia. Alisema figo zimepigwa, akaanza kuandika barua ya kumhamishia hospitali kubwa yenye mashine. Gari lilipangwa asubuhi ya siku ya kumi na moja. Zuhra hakuifikia asubuhi hiyo.

Baada ya mazishi daktari aliita watu wa shughuli ile mmoja mmoja, akawauliza walikula nini. Rabia alimsaidia kukumbuka majina. Waliokula nyama bila kachumbari hawakuumwa. Waliochelewa wakakuta kachumbari imekwisha hawakuumwa. Daktari alimweleza Rabia polepole, kama mwalimu, kwamba kwenye kinyesi cha ng'ombe wamo bakteria ambao ng'ombe hawamdhuru, lakini kwa mtu wanakata utumbo, na kwa mtoto mdogo wanaweza kufika mpaka kwenye figo. Wanakaa kwenye samadi mbichi, kwenye udongo, na wakinyunyiziwa juu ya kabichi wanaingia kati ya jani na jani, maji ya kuosha hayawatoi wote. Alisema kipimo cha kuwaona hakuna pale, kwa hiyo haapi. Lakini akaenda bondeni pamoja na Venanti, na Rabia akawafuata, mtoto mgongoni.

Venanti alifunua pipa. Alinusa, akatazama kichala kilichokuwa kinaelea juu. Alisimama hapo, kijana wa watu, mpaka Mwatumu akamsogezea kigoda.

"Mama," alisema, "si nilisema mapipa mawili."

"Mawili nilikuwa nayo," Mwatumu akajibu.

Hawakumgombeza. Walimweleza yote, daktari kwa maneno yake na Venanti kwa yake, naye akaitikia kila sentensi kama mtu anayepokea maagizo ya safari. Walipoondoka aliliinamisha lile pipa peke yake, akalimwaga kwenye shimo na kulifukia. Kabichi zilizosalia hakuzivuna. Zilipasuka zikiwa shambani, zikachanua maua, ng'ombe wakazila.

Lakini kabla ya hayo yote kulikuwa na siku ya mazishi, na siku hiyo ndiyo iliyokaa kifuani mwa Rabia. Zena alifika saa tisa kutoka Makere, amembeba mgongoni mtoto wake wa pili, Khamisi, wa miezi minane. Kaburi lilikuwa limeshafunikwa. Alikaa chini miguu imenyooka, akamuuliza mama yake ni nini kilichomuua mwanawe. Saa ile daktari alikuwa hajaanza kuuliza watu, lakini Mwatumu alikuwa ameshasikia neno kabichi linavyozunguka uani.

"Malaria," alisema. "Ilimpanda kichwani."

Rabia alikuwa ameshika mkono wa Zena. Akaendelea kuushika. Waombolezaji nao, kwa kumhurumia Mwatumu, wakaunga mkono, kwamba ndiyo, mwaka huu malaria imekuwa kali. Zena akarudi Makere na malaria hiyo, akaiamini.

Miezi iliyofuata ilikuwa ya kimya. Habari ya choo ilikuwa imeshaenea, na tenga la Mwatumu lilikuwa linarudi na mafungu yaleyale lililoondoka nayo, yamenyauka. Akaacha kupita. Bondeni alibakiza kijaruba kimoja cha viazi vitamu. Alizoea kuja kwa Rabia mchana, akakaa jikoni, akamshika Saady kwa mikono aliyotoka kuinawa, kisha akainuka kuinawa tena.

Siku moja aliuliza kama wale bakteria wana macho. Rabia akasema daktari alisema hawaonekani, ni wadogo kuliko vumbi.

"Basi misimu miwili nimeishi nao na hatujaonana," Mwatumu akasema.

Rabia hapo akashindwa kuvumilia. Alimwambia habari ya beseni, jinsi maji yalivyokuwa kama chai na yeye hakubadilisha. Alilia akisema. Mwatumu alimsikiliza mpaka mwisho, akamfuta kwa ncha ya kanga yake.

"Mwanangu, nakuona unataka kunisaidia kubeba," alimwambia. "Wewe uliosha. Mimi ndiye niliyeleta."

Kuhusu ule mkono kwenye sinia, Rabia hakusema. Aliona hiyo itakuwa kumzika mama mzima mzima.

Mwaka 2015 ulipofika katikati, mambo ya Burundi yakawa mabaya, na watu wakamiminika kambini upande wa Makere, maelfu kwa maelfu. Bei ya mboga ikapanda kule. Mwezi wa sita Zena alipiga simu kwa Rabia, maana Mwatumu hakuwa na simu, akaomba kuongea na mama. Rabia akaweka sauti ya nje, akampa. Wakakaa wawili jikoni, simu katikati yao juu ya kinu.

Zena alikuwa na furaha ambayo Rabia hakuisikia tangu msiba. Alieleza kwamba amekodi bonde, analima kabichi, na wachuuzi wanazifuata shambani. Vijana wa chipsi wa pale njiani nao wanazichukua, wanakatia kachumbari. "Pipa lako ndilo linalonilisha, mama," alisema. "Nafanya vilevile ulivyonionyesha nilipokuja kujifungua. Samadi, majivu, utupa, kila kitu humohumo, nanyunyiza juu."

Mwatumu akaitikia, "Ego."

Na Khamisi, Zena akaendelea akicheka, sasa anatembea, haendi shambani ila kwa kabichi. Anakaa katikati ya mistari, anachana majani, anakula kama mbuzi. Mpaka baba yake amempa jina la Kambuzi.

Rabia alimtazama Mwatumu. Mwatumu akaisogelea simu. Akamuuliza Zena kama mvua zimekata. Zimekata, mama. Akamuuliza kama mkwe hajambo. Hajambo. Akasema vizuri, mwanangu, Mungu akuzidishie, na salio la Zena likaisha hapohapo.

Walikaa. Saady alikuwa anagonga sufuria kwa mwiko, hakuna aliyemkataza. Kisha Mwatumu akamwomba Rabia apige tena, akarekebisha kanga, akakohoa kusafisha koo. Simu ikaita, Zena akapokea, Mwatumu akasema, "Zena, nisikilize." Zena akasema nasikiliza, mama. Mwatumu akasema asisahau kumfunika mtoto asubuhi, kuna baridi. Akamrudishia Rabia simu kwa mikono miwili, kama inayoungua.

Rabia akasema basi yeye atampigia Zena sasa hivi amwambie asinyunyizie. Mwatumu akatikisa kichwa. Kwa simu, alisema, Zena atauliza kwa nini, na akijibiwa atakuwa peke yake shambani na yule mtoto, hana wa kumshika. Habari ya namna hiyo mtu hapewi akiwa peke yake. Ila alimwomba Rabia jambo moja tu, ampelekee Zena ujumbe kwamba Khamisi asiende shambani mpaka wao wawili wafike, amwambie bibi ameota vibaya. Rabia akaandika ujumbe palepale, akamsomea, akautuma.

"Basi la Kasulu linalopita Makere linatoka kesho saa kumi na mbili," Mwatumu akasema. Alikuwa ametulia, mikono juu ya mapaja. "Twende wote, mama Saady. Tamimu nitamwomba mimi. Tukifika, usinisubiri nianze. Nikianza mimi nitasema malaria, najijua. Anza wewe. Mwambie pipa. Mwambie na ile sinia, najua uliniona, ulikuwa umeshika birika. Mwambie mkono ulikuwa wangu. Na nikikukatiza, hata nikilia, hata nikikwambia nyamaza, usininyamazie."